Mwanga wa faiba umeshuka hadi -29 dBm, huduma kwa wateja bado wananiambia nizime ruta niwashe

Wakuu, nimekasirika na sitaficha. Niko Tabata, Dar es Salaam, nimeunganishwa faiba na kampuni ambayo jina lake naliacha kwa sasa. Kifurushi changu ni cha megabiti 20 kwa sekunde na sijawahi kuchelewesha malipo. Tangu mvua zianze intaneti inakatika, inarudi, inakatika tena, na hata ikirudi inatambaa. Nikipiga simu jibu ni lilelile: "Zima ruta, subiri dakika moja, washa." Nikishawasha naambiwa kwa upande wao kila kitu kinaonekana kiko sawa.

Hakiko sawa, na ushahidi umo ndani ya kifaa chao wenyewe.

Kabla hamjaniambia ni Wi-Fi, hiyo nimeshaitoa kwenye hesabu. Nimechomeka kompyuta kwa waya kwenye ruta na vifaa vingine vyote nimevikata. Nikipiga ping (yaani kutuma pakiti ndogo za data za kujaribu njia) kwenda kwenye ruta, pakiti zote zinarudi kwa milisekunde moja au pungufu. Nikipiga kwenda nje, 8.8.8.8 (seva ya Google), zinapotea kwa mafungu, na zinazorudi zimechelewa mno. Ndani ya nyumba pako safi, ugonjwa unaanzia ukutani kwenda nje. Na wale wanaochanganya vipimo: megabiti 20 ni megabaiti 2.5 kwa sekunde, kwa hiyo sidai nisichouziwa. Faili la megabaiti 50 lilipaswa kushuka kwa sekunde 20 hivi. Kwangu linafia njiani.

Nikaingia kwenye ukurasa wa ruta, sehemu ya hali ya faiba. Pale kuna namba ya nguvu ya mwanga unaopokelewa. Fundi aliyenifungia alinionyesha na akaniambia niiandike: -21 dBm (dBm ni kipimo cha nguvu ya mwanga; ikienda mbali zaidi chini ya sifuri, mwanga ni hafifu zaidi). Sasa inasoma -29, na mvua ikikolea inashuka zaidi mpaka taa ya LOS, ya kuonya kwamba mwanga umepotea, inawaka nyekundu. Vifaa vingi vya faiba vya majumbani huanza kushindwa karibu na -27 au -28. Kila namba hiyo ikishuka kwa 3, nusu ya mwanga imepotea. Toka -21 mpaka -29 maana yake unaonifikia ni kama sehemu moja ya sita ya ule wa mwanzo. Kuzima ruta na kuwasha hakuongezi mwanga hata kidogo!

Na chanzo kinaonekana kwa macho. Kisanduku cha kugawia pale kwenye nguzo kimebaki wazi tangu walipokuja kuunganisha nyumba nyingine, mfuniko unaning'inia. Waya unaokuja kwangu wameukunja wakaubana kwa kamba ya plastiki mpaka umefanya kona kali. Faiba ikikunjwa hivyo mwanga unavuja palepale kwenye kona, na maji au vumbi vikiingia kwenye kiungio ndiyo kabisa. Nimewatumia picha WhatsApp, picha ya nguzo na picha ya namba. Wamezisoma. Wakajibu nizime ruta.

Siku nyingine niliambiwa ni mkongo wa baharini. Hapana. Mei 2024 mikongo ya EASSy na Seacom ilipokatika, karibu nchi nzima iliumia, tukaelewa na tukavumilia. Leo jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, aliye kampuni nyingine, anaangalia mpira bila kukwama. Hitilafu yangu iko kwenye nguzo iliyo mbele ya geti, msinipeleke baharini.

Panaponiuma zaidi ni hapa: mke wangu anafundisha wanafunzi kwa video jioni, na hiyo ni riziki. Darasa likikatika katikati mzazi anadai hela yake, naye hawezi kumwambia mzazi azime simu awashe. Kwa hiyo tunanunua bando la simu juu ya kifurushi tulichokwisha kulipia. Tunalipa mara mbili kwa kosa la mtu aliyeacha mfuniko wazi.

Kampuni inaweza kuisoma namba ya mwanga wangu ikiwa ofisini, bila mtu kukanyaga Tabata. Kwa nini anayepokea simu hapewi hiyo namba aione kabla hajamtuma mteja nyuma ya ruta? Kama hapewi, hilo ni kosa la wakubwa wake, na dada wa watu anayetukanwa kwenye simu kila siku anaonewa kama mimi.

Ninachotaka: fundi aje na kipima mwanga, afungue kile kisanduku, asafishe kiungio, aurekebishe waya na asiondoke kabla namba haijarudi karibu na -21. Halafu siku ambazo sikupata huduma zifidiwe kwenye malipo yajayo. Malalamiko ya maandishi nimeyapeleka kwao na nakala iliyogongwa muhuri ninayo. Wakikaa kimya, nakala hiyo inakwenda TCRA, mamlaka ya mawasiliano, pamoja na picha zote.

Mlioko Tabata mnaokatikiwa mvua ikinyesha, fungueni ukurasa wa ruta, muweke hapa namba zenu na ya siku mliyofungiwa kama mnayo. Nitaziambatanisha.