Mnaotuuzia skripti: rm yenu (amri ya kufuta faili) haifuati POSIX (kanuni za pamoja za mifumo ya aina ya Unix, kama Linux na Mac) na imetuharibia jina kwa wateja

Jamani ndugu zangu leo sinyamazi. Ofisi yetu ya kliaringi hapa Moi Avenue ilimlipa fundi atuandikie skripti ya kila jioni, inazipu makaratasi ya mteja, inamtumia, kisha inafuta folda ili kesho ianze tupu. Miaka miwili sawa kwenye Linux. Mwezi jana bosi akaleta Mac, nikahamisha skripti vile vile ilivyo, asubuhi simu yaja, mteja wa magari anafoka, amefungua zip yake kakuta invoisi na BL (hati za mizigo ya meli) za mtu mwingine kabisa, bei na kila kitu! Na mimi ndiye niliyekwenda kuomba radhi.

Nikafungua skripti nikakuta hivi:

rm "$folda" -rf 2>/dev/null

Yaani opsheni (hiyo -rf, futa folda na vyote vilivyomo bila kuuliza) nyuma ya jina, na eror zote zimetupwa. Chini yake mkdir -p, amri ya kutengeneza folda, ambayo ikikuta folda ipo yapita tu kimya. Basi folda haikufutwa, makaratasi ya mteja wa jana yakazipiwa pamoja na ya leo.

Sasa sikizeni. POSIX yataka opsheni zitangulie, majina yafuate. rm ya GNU (mradi unaotoa amri za Linux nyingi) hujipangia yenyewe, hata ukiweka -rf mwisho yaikubali, ndio maana huyu fundi hakuwahi kuona kosa lake. rm ya Mac asili yake BSD, ukoo mwingine wa Unix, ikishakuta jina la kwanza haitafuti opsheni tena. Nilipotoa ile 2>/dev/null ikaniambia waziwazi kwamba folda ni dairektori, na kwamba hakuna faili inayoitwa -rf. Kumbe kila jioni ilikuwa yasema na tumeizibia mdomo!

Nampigia fundi anambia "Mac yenu mbovu". Mbovu vipi bwana? Mac OS X Leopard ilipata cheti cha Unix 2007 huko! Iliyofuata kanuni ni Mac, usiyefuata ni wewe, na kwenye kotesheni uliandika kwa mkono wako kuwa kazi yako yafuata POSIX, ninayo hapa.

Na GNU nao wana lawama. Kukataa kufuta / (mzizi wa mafaili yote) na kukataa nukta na nukta mbili (folda uliyomo na iliyo juu yake) wamefanya kama kiwango kinavyotaka, hapo nawapa haki yao, lakini hii ya kupokea opsheni popote wameifanya ndiyo kawaida mpaka mtu aweke POSIXLY_CORRECT, swichi ya kuwalazimisha wafuate POSIX. Fundi ungeweka POSIXLY_CORRECT=1 mara moja tu kwenye Linux yako hiyo hiyo, bila ile 2>/dev/null, rm ingegoma mbele ya macho yako na siri za mteja zisingetoka.

Nimeandika upya:

rm -rf -- "$folda" || exit 1

Huyu mtu ameuza skripti hiyo kwa ofisi kadhaa hapa mjini. Kama unayo na mmehamia Mac, ifungue sasa hivi kabla haijaruka jioni.