Mrejesho: stata inazunguka, injini haishiki

Habari zenu wakuu. Mwezi uliopita nililalamika hapa kwamba pikipiki yangu ya cc 150 nikibonyeza stata inalia "wiiii" tu, injini haizunguki, ila kwa kiki inawaka mara moja. Nimerudi na majibu.

Nilianza na ushauri wenu wa bei rahisi: kuchaji betri, halafu kumwaga oili ya gari niliyokuwa nimeweka (nakiri kosa) na kutia ya pikipiki. Ikashika siku mbili, ikarudi kulekule.

Basi tukafungua kava la kushoto. Magneti (gurudumu la sumaku lililo kwenye ekseli ya injini) ilitoka kwa pula, kile kifaa cha kuivutia nje. Msiigonge na nyundo, fundi mmoja alitaka kufanya hivyo nikamzuia. Nyuma yake ndipo ilipo klachi ya stata, inayoshikanisha stata na injini: rola tatu, kila moja na kispringi chake. Rola moja ilikuwa imelika upande, kispringi chake kimekatika, na boliti mbili kati ya tatu zilikuwa zinazungushika kwa vidole! Aliyeniambia hapa "angalia boliti kwanza" apewe soda.

Nimebadilisha rola na springi zote, boliti nimezipaka gundi ya nyuzi za boliti ili zisilegee, gasketi mpya. Sasa inashika.

Ila si asilimia mia. Gia ya stata ina mikwaruzo pale rola zinapokaa, sikuibadilisha kwa sababu ya hela, na asubuhi ya baridi bado inateleza mara moja kabla ya kushika. Mwisho wa mwezi nanunua.

Asanteni sana.