Tunaambiwa tusiwauzie wahalifu, halafu mlango wa kuwatambua tumefungiwa (mauzo ya bunduki mtu kwa mtu, Marekani)

Wakuu, uzi huu ni kwa wenye silaha mlioko Marekani, hasa mnaouziana mtu kwa mtu bila kupitia duka.

Kila uchaguzi ukikaribia tunasemewa. Huku wanasema wenye bunduki hatutaki wanunuzi wahakikiwe, yaani rekodi zao zichunguzwe kabla ya kuuziwa. Kule wanasema uhakiki ni hatua ya kwanza ya kunyang'anywa. Pande zote mbili zinatusingizia. Taasisi ya utafiti ya Pew ilipouliza mwaka 2017, asilimia 77 ya wenye bunduki walikubali uhakiki hata kwenye mauzo ya mtu kwa mtu na kwenye maonyesho ya bunduki. Hatuna ugomvi na uhakiki. Ugomvi wetu ni jinsi ulivyopangwa, na hapo nina hasira kweli.

Sheria ya serikali kuu inakataza kumuuzia mtu silaha ukijua, au ukiwa na sababu ya kuamini, kwamba haruhusiwi kuwa nayo. Wasioruhusiwa ni wengi: aliyetiwa hatiani kwa kosa lenye kifungo cha zaidi ya mwaka mmoja, aliyehukumiwa kwa kumpiga mwenzi wake, mwenye amri fulani ya mahakama ya kumlinda mwenzi, mtumiaji wa bangi (hata kama jimbo lake limeihalalisha), na, kwa kawaida, aliyeingia nchini kwa viza ya muda. Tangu 2022 adhabu inafika miaka 15 jela, kwa muuzaji na kwa mnunuzi.

Sasa utamjuaje? Mfumo wa uhakiki, NICS, unaendeshwa na FBI tangu Novemba 30, 1998. Anayeruhusiwa kuuliza ni dila (mfanyabiashara wa bunduki) mwenye leseni, siyo wewe. Una bunduki yako mkononi, mnunuzi yuko mbele yako na kitambulisho chake, mmekubaliana bei, na hakuna namba unayoweza kupiga. Umebaki kumsoma mtu usoni kwenye maegesho ya magari. Huo ndio uhakiki ambao serikali kuu imekuachia. Waliotoka Kenya wanashangaa, maana kule bila cheti cha Bodi ya Leseni ya Silaha mauziano hayaanzi.

Na si kwamba njia haikuwahi kupendekezwa. Mwaka 2013 Seneta Tom Coburn wa Oklahoma alileta wazo la tovuti ambako mnunuzi anajihakiki mwenyewe, kisha anamwonyesha muuzaji kibali. Likafa. Mswada mkubwa wa mwaka huohuo wa kupanua uhakiki, wa maseneta Manchin na Toomey, ulipata kura 54 dhidi ya 46, na zilihitajika 60. Tangu hapo kila upande unaitumia hoja hii kuchangisha pesa, na wewe muuzaji uko palepale.

Majimbo yaliyochoka kusubiri yakachukua njia ya mkato: lazima mpitie kwa dila. Colorado 2013, Washington 2014, Oregon 2015, na mengine baadaye. Likisomwa haraka linapendeza. Tazameni linavyokwenda dukani.

Muuzaji na mnunuzi mnafika pamoja. Dila anaiingiza bunduki kwenye daftari lake kana kwamba ni mali yake. Mnunuzi anajaza fomu 4473 (fomu ya serikali kuu ya kununua silaha), dila anauliza NICS, jibu ni moja kati ya matatu: endelea, subiri, au amekataliwa. Likija la kwanza, mnamaliza haraka. Likija "subiri", FBI wana siku 3 za kazi, na siku ya kuuliza haihesabiwi. Mnunuzi wa chini ya miaka 21 anaweza kusubiri hadi siku 10 za kazi. Ukiulizia Ijumaa jioni, Jumatano ikiisha ndipo siku tatu zinatimia.

Hapa ndipo watu wanaumia, kwa hiyo someni taratibu. Ukiiacha bunduki dukani ukaondoka, kisha mnunuzi akakataliwa au akabadili nia, dila haruhusiwi kukurudishia hivihivi. Na wewe mwenye mali utajaza 4473, utahakikiwa, na kama jina lako nalo likija "subiri", utasubiri bunduki yako mwenyewe. Ukibaki dukani na bunduki yako mpaka jibu litoke, na jibu likawa kukataliwa, unaondoka nayo. Kwa hiyo USIONDOKE ukaiacha. Likija "subiri", rudi nayo nyumbani, mkutane tena jibu likitoka. Madila wengi hawasemi hili mpaka umeshaliwa.

Ada je? Serikali kuu haijaweka kiwango. California wameweka ukomo, dila asitoze zaidi ya dola 10 kwa silaha juu ya ada ya jimbo, na sheria ya Colorado ya 2013 nayo iliweka dola 10. Kwingine kwingi dila anapanga apendavyo, na wengine hawataki kabisa, kwa sababu karatasi ni zile zile, lawama ya kosa la fomu ni yake, na hajauza kitu. Kwingi jimbo linakulazimisha umpitie, yeye halazimishwi kukupokea. Kama bunduki ni ya dola 150 na ada ni dola 50, wengi watamalizana kwenye maegesho, na sheria imekwisha kazi.

Nevada ndiyo aibu kuu. Novemba 2016 wapiga kura walipitisha uhakiki wa mauzo ya mtu kwa mtu kwa tofauti isiyofika kura 10,000. Maandishi ya sheria yalitaka dila aulize FBI moja kwa moja. Lakini Nevada ni jimbo ambalo madila huuliza idara ya usalama ya jimbo, nayo ndiyo huuliza FBI. FBI wakajibu Desemba kwamba hawatafanya kazi hiyo. Mwanasheria mkuu wa jimbo akasema sheria haitekelezeki. Ikakaa kabatini mpaka bunge la jimbo lilipoiandika upya 2019, ikaanza Januari 2020. Miaka mitatu imepotea kwa kifungu kimoja ambacho dila yeyote angekisahihisha kwa dakika tano kama wangemuuliza.

Kwa sisi wa majina matatu kuna shida ya ziada. NICS inatafuta kwa jina na tarehe ya kuzaliwa. Majina yetu yanajirudia, Juma Hassan na Fatuma Ali wako maelfu, na wengi waliokuja kama wakimbizi kutoka Kongo, Burundi na Somalia wameandikiwa tarehe 1 Januari kwenye karatasi zote. Jina moja, tarehe moja, mtu tofauti mwenye kesi: jibu ni "subiri". Fanyeni hivi. Andika jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, siyo la ukoo leo na la babu kesho. Kama huna jina la kati usiache wazi, fomu inataka uandike NMN (No Middle Name). Namba ya Social Security ni hiari, lakini ijaze, ndiyo inayokutofautisha na yule mwingine. Anwani iwe ya makazi, siyo sanduku la posta. Mwenye green card aje na namba yake ya uhamiaji. Na kama unacheleweshwa kila mara, omba kuingizwa kwenye faili la FBI liitwalo VAF: unatuma alama za vidole, unapewa namba ya UPIN, na unaijaza kwenye fomu kila ukinunua. Ni bure.

Wenye viza ya masomo, msidanganyike na muuzaji wa mtaani asiyeuliza. Kutoulizwa si ruhusa. Kesi ya Rehaif iliyofika Mahakama ya Juu mwaka 2019 ilimhusu mwanafunzi kutoka Falme za Kiarabu aliyelenga shabaha kwenye uwanja wa mazoezi baada ya kuondolewa chuoni, akashitakiwa kwa kuwa na silaha.

Na wale wenzetu wanaoogopa orodha ya serikali nao si wajinga. Sheria ya 1986 inakataza serikali kuu kuanzisha daftari la wenye bunduki, na rekodi ya NICS ya aliyeruhusiwa inafutwa ndani ya saa 24. Lakini fomu 4473 inabaki kwa dila, ina namba ya bunduki, na tangu 2022 haitupwi kamwe. Duka likifungwa, makaratasi yanapelekwa ATF (idara ya serikali kuu inayosimamia silaha), Martinsburg, West Virginia. Kwa hiyo unapomlazimisha mtu apitie dukani, unamhakiki na kumwachia karatasi ya kudumu kwa mpigo mmoja. NICS yenyewe haihitaji namba ya bunduki. Inauliza mtu, na kama ni bastola au bunduki ndefu, basi. Mnaweza kuhakiki MTU bila kuandika BUNDUKI, na mkifanya hivyo nusu ya ubishi umekwisha.

Illinois wameonyesha kwamba muuzaji wa kawaida anaweza kukabidhiwa kazi hii: kwa miaka aliingiza namba ya FOID, kadi ya jimbo ya kumruhusu mtu kuwa na silaha, ya mnunuzi kwenye tovuti ya polisi wa jimbo, akapata namba ya idhini. Kadi yenyewe ina mabishano yake, ila tovuti ilifanya kazi.

Tunachotaka ni hiki. Tufunguliwe njia ya kuuliza, kwa simu au tovuti, kwa idhini ya mnunuzi, jibu liwe ndiyo au hapana, bila namba ya bunduki. Muuzaji aliyeuliza akajibiwa "ndiyo" asishitakiwe. Na taasisi zipeleke rekodi zao: muuaji wa Sutherland Springs, Texas, 2017, alinunua dukani na uhakiki ukampitisha, kwa sababu Jeshi la Anga halikupeleka hukumu yake FBI.

Wekeni hapa chini jimbo lenu, ada mliyotozwa na siku mlizosubiri. Msitaje jina la duka wala la mtu. Nitazikusanya niwatumie wabunge wa jimbo kabla ya kikao kijacho.