Lenzi ya milimita 85 inalenga mbele ya jicho: nirekebishe kwenye menyu au nipeleke kwa fundi?

Mchana_Moro aliuliza:

Wakuu, salaam. Mimi ni mpiga picha za harusi na sendofu hapa Morogoro, na kamera yangu ni Nikon D750. Miezi miwili iliyopita nilinunua lenzi ya mtumba ya milimita 85 yenye tundu la f/1.8, ambayo haikutengenezwa na kampuni ya kamera, na tangu siku hiyo sina raha. Nikiweka nukta ya kulengea juu ya jicho la bibi harusi, kamera inalia kuashiria kwamba imeshapata, lakini nikiifungua picha kwenye kompyuta nakuta ncha ya pua inaonekana hadi vinyweleo, ilhali kope zimefifia kana kwamba zimepakwa mafuta. Lenzi yangu ya milimita 50 haina shida hiyo kwenye kamera hiyohiyo.

Kwenye menyu kuna kipengele cha kurekebisha ulengaji kiitwacho AF fine-tune, chenye namba kuanzia -20 hadi +20, na kijana ninayefanya naye kazi amenishauri niweke tu +10 nione. Naogopa kuchezea nisichokielewa, hasa kwa kuwa nina harusi Jumamosi ya wiki ijayo. Je, nifuate ushauri huo au niitafutie lenzi fundi?

FundiLenzi alijibu:

Ndugu Mchana, kipengele hicho hakiharibu chochote, na ukikizima kamera inarudi ilivyokuwa. Kinachoharibu kazi ni kukisia namba.

Kwenye kamera ya kioo kama yako, unapotazama kwa jicho kupitia kitundu cha juu, sensa inayopiga picha imefichwa nyuma ya kioo na haioni kitu. Sehemu ya mwanga hupenya katikati ya kioo kikuu, hugonga kioo kidogo kilicho nyuma yake, kisha hushuka hadi kwenye sensa nyingine ya kulengea iliyo chini kabisa ndani ya kamera. Njia hizo mbili za mwanga zinatakiwa kuwa na urefu sawasawa, lakini hakuna kiwanda kinachoweza kuzilinganisha bila kubakiza tofauti yoyote, na kila lenzi nayo hutoka kiwandani na tofauti yake ndogo. Kosa la kamera na kosa la lenzi yakifutana, unasema lenzi ni nzuri. Yakijumlishana, unapata pua kali na kope hafifu. Ndiyo maana milimita 50 yako ni nzima na hiyo 85 inakusumbua, na huenda kwa mwenye kamera nyingine hiyo 85 isingekuwa na neno.

Ukiwa mita 2 kutoka kwa mtu, kwa milimita 85 na f/1.8, eneo linaloonekana kali lina unene wa sentimita 6 hivi tu, mbele na nyuma kwa pamoja. Kutoka ncha ya pua hadi jicho kunaweza kuzidi nusu ya hizo, kwa hiyo kosa dogo tu linatosha.

Kabla ya kugusa menyu, thibitisha kwamba kosa si la mikono yako. Funga kamera kwenye stendi ya miguu mitatu. Simamisha boksi la biskuti lenye maandishi makubwa, uso wake ukiielekea kamera bila kuinama, na pembeni yake laza rula ya mwanafunzi kwa mteremko wa nyuzi 45, sentimita ya 15 ikiwa sambamba na uso wa boksi. Lenga boksi, usilenge rula, kwa sababu nukta ya kulengea ni pana kuliko kimraba unachokiona, na kwenye kitu kilichoinama itashika popote inapopenda. Weka f/1.8, AF-S (kamera ilenge mara moja na kutulia), nukta ya katikati na shata ya haraka, kisha upige picha kumi, na kabla ya kila moja uzungushe pete ya fokasi, yaani ya kulengea, mbali kwa mkono, mara upande wa karibu, mara upande wa mbali.

Halafu rudia kwa kulengea kwenye skrini, kwa kitufe kilichoandikwa Lv. Hapo kioo huwa kimeinuka na kamera hulenga kwa sensa ileile inayopiga picha, kwa hiyo kosa la njia mbili halipo, na pia namba za AF fine-tune hazitumiki. Picha za skrini zikiwa kali na zile za kutazama kwa jicho zikiangukia mbele, zote kwa kiasi kinachokaribiana, dawa yako ni ya menyu. Zikitawanyika, hii mbele na ile nyuma, hakuna namba itakayokusaidia, kwa sababu namba husogeza kundi zima na haiwezi kulikusanya.

Mchana_Moro:

Ahsante sana, Fundi. Nimefanya jana sebuleni. Picha za skrini zote ni kali pale kwenye 15. Zile za kutazama kwa jicho, nane kati ya kumi zimeangukia kama sentimita 2 mbele ya boksi, na mbili zimesogea kidogo zaidi. Naomba kuuliza umbali: nilikuwa mita 1 na nusu, kwa sababu kochi lilinizuia.

MamaPicha:

Mwanangu, sogeza kochi. Namba unayoipata ni ya lenzi hiyo kwenye kamera hiyo, na pia ni ya umbali huo. Wapo wanaoshauri mara 50 ya milimita za lenzi, yaani mita 4 na robo kwa 85 yako, lakini mimi huwaambia vijana wapime pale wanaposimama siku ya kazi. Ukipiga nusu mwili ukumbini unasimama mita 2 na nusu hadi 3, basi pima hapo.

Jambo la pili ni mwanga. Sensa ya kulengea huweza kutoa jibu tofauti kidogo chini ya taa za njano na kwenye jua, hivyo usipime mchana dirishani pekee kisha ukashangaa usiku. Mimi hupima kote kuwili, nikachagua namba inayofaa mahali ninapolipwa.

Alama nayo iwekeni kichwani: kujumlisha husogeza fokasi mbali na kamera, kutoa huivuta karibu. Wewe inaangukia mbele, kwa hiyo unajumlisha. Panda kwa hatua tano tano, upate eneo lenye nafuu, ndipo ushuke hatua moja moja. Ukifika +20 na bado pua inashinda, hapo ndipo fundi.

FundiLenzi:

Naongezea moja kwa wenye zoom, yaani lenzi za kuvuta karibu na mbali. D750 hutunza namba moja tu kwa lenzi, kwa hiyo itakubidi uchague upande unaoutumia zaidi. Canon tangu EOS-1D X na 5D Mark III za mwaka 2012 hukubali namba mbili, moja ya upande mpana na nyingine ya upande wa mbali. Lenzi za Sigma zinazotumia kile kidoko cha USB, kifaa cha kuiunganisha lenzi na kompyuta, hurekebishwa ndani ya lenzi yenyewe, kwa umbali wa aina nne, na hiyo ndiyo njia ninayoipenda zaidi kwa sababu kosa la karibu na kosa la mbali mara nyingi hayalingani.

Bwana_Shata:

Nunueni kamera zisizo na kioo, mada iishe. Zinalengea kwenye sensa inayopiga picha, kwa hiyo hakuna njia mbili za kulinganisha.

Mchana_Moro:

Bwana Shata, uliyosema ni kweli, lakini harusi ni Jumamosi na malipo ya awali yameshaingia kwenye vitambaa vya mandhari.

Nimesogeza kochi. Kwa mita 2 na nusu, +8 ndiyo imekaa vizuri kwenye mwanga wa dirisha, na chini ya balbu za njano +6 imekuwa bora kidogo. Nimeacha +6, kwa kuwa kazi yangu kubwa ni ya usiku, na nitapigia f/2.2, tundu dogo zaidi linalonenepesha eneo kali, ili nipate nafasi ya kosa linalobaki. Kijana aliyeniambia +10 anatamba kwamba hakuwa mbali.