Ziwa letu lifungwe kila mwaka, au wavuvi waachwe wavue?

Mleta hoja, Katonga

Wana mwisho wa reli na wote mnaokula dagaa wa Kigoma, habari za leo. Naleta hoja iliyonikaa rohoni tangu ziwa lilipofungwa Mei 15 hadi Agosti 15, 2024. Nchi nne zinazogawana Ziwa Tanganyika, yaani sisi Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, zilikubaliana kulipumzisha ili samaki wazaliane. Huku mwaloni, mitumbwi inaposhusha samaki, watu bado wanaligombania jambo hilo kama la jana.

Mimi nasema lifungwe. Nimekulia Katonga, na mama yangu anaanika dagaa mpaka leo. Nikiwa mtoto, kazi yangu ya asubuhi ilikuwa kuwageuza dagaa mchangani na kufukuza kunguru. Dagaa wa wakati ule ukimlaza kiganjani alikuwa sawa na kidole cha kati cha mtu mzima. Juzi nilikwenda chanjani kwa mama, anapoanikia dagaa, nikachota konzi moja. Wengi hawafiki hata nusu ya kidole. Wengine ni wachanga mno, ukimnyanyua mmoja ukamwelekeza juani unaona mpaka uti wake wa mgongo. Hao hawajazaa hata mara moja, na sisi tumeshawaanika.

Dagaa wetu haishi miaka mingi. Umri wake ni kama mwaka, au unazidi kidogo. Kwa hiyo miezi mitatu kwake ni sehemu kubwa ya maisha. Anayesema tusifunge anieleze: hawa wachanga watakua lini?

Mwenye kipe, Kibirizi

Mdogo wangu, nimekusoma mpaka mwisho na sikatai ulichokiona chanjani. Lakini mama yako anaanika kinachotoka kwangu, hebu nisikilize na mimi.

Nina kipe kimoja. Kwa wasioijua kazi hii, kipe ni mitumbwi miwili iliyounganishwa kwa miti, wavu unashushwa katikati, juu zinawaka taa. Zamani zilikuwa karabai, sasa ni taa za betri. Dagaa wanafuata mwanga, wavu unapandishwa. Mbalamwezi ikiwaka, taa zetu hazina kazi, hatutoki. Kwa hiyo kila mwezi tuna siku zetu za kukaa nchi kavu hata bila amri ya mtu. Ziwa linapumzika kila mwezi, ila pumziko hilo halimo kwenye mahesabu ya wakubwa.

2024 nilifungiwa nikiwa na mkopo wa nyavu na betri. Marejesho ni kila Jumatatu. Nilimfuata aliyenikopesha, nikamweleza kwamba ziwa limefungwa na kila mtu anajua. Akasema kufungwa kwa ziwa hakuhusiani na yeye. Wiki ya tano nikauza mashine ya boti. Lilipofunguliwa Agosti, wenye mashine walikwenda ndani kwenye dagaa, sisi tulipiga kasia karibu na ufuko, ambako ndiko waliko hao wachanga unaowalilia. Uone sasa: kufunga kwenyewe ndiko kulikonipeleka kwenye watoto wa dagaa.

Riziki ya ziwani ni ya Mungu. Binadamu ataifungaje kwa kufuli?

Mwalimu wa baiolojia, Kasulu

Wote wawili mnazungumza kana kwamba mvuvi ndiye sababu peke yake. Naomba niongeze jambo ambalo halisemwi mwaloni.

Ziwa hili lina kina cha mita 1,470 hivi, la pili duniani baada ya Baikal. Ukishuka zaidi ya mita mia mbili kwa upande wetu, maji hayana hewa ya oksijeni. Samaki hawaishi huko, lakini rutuba yote iko huko, kwa sababu kila kinachokufa juu kinazama. Ili dagaa wale, rutuba hiyo lazima ipande. Inapandishwa na upepo wa kusini wakati wa kiangazi, kuanzia Mei mpaka Septemba hivi, unaosukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, ya chini yakapanda, hasa kule Zambia.

Sasa chukua chupa ya maji, mimina mawese juu. Yanakaa juu, hayachanganyiki. Maji ya moto juu ya maji ya baridi yanafanana na hivyo: mepesi yanaelea, mazito yanabaki chini, na kadiri ya juu yanavyozidi joto ndivyo upepo unavyoshindwa kuyachanganya. Mwaka 2003 watafiti walitangaza kwamba ziwa limepata joto katika karne ya 20 na chakula cha samaki kimepungua. Mwaka 2016 wengine walichimba matope ya chini ya ziwa, wakahesabu mabaki ya samaki ya miaka mingi nyuma. Wakaona samaki walianza kupungua kabla uvuvi wa kibiashara haujaanza.

Sisemi tuvue ovyo. Ukipungukiwa kipato hupaswi kuongeza matumizi, na ziwa linalozalisha kidogo halistahimili taa nyingi hivi. Lakini mvuvi wa Kibirizi asibebeshwe peke yake mzigo wa joto ambalo hakuliwasha. Viwanda na magari ya nchi za mbali yamo humo.

Mzee wa Ujiji

Wanangu, amani iwe kwenu. Nimetajiwa Mungu, basi nami niseme.

Huyu kijana wa Kibirizi anasema riziki haifungwi. Tuliosoma madrasa tunakijua kisa cha watu wa Sabato waliokaa kando ya bahari. Walikatazwa kuvua Jumamosi. Siku hiyohiyo samaki ndio walikuja juu wakionekana kwa macho, na siku nyingine hawakuja. Wakafanya hila, wakaangamia. Na ndugu zetu Wakristo wana amri yao, kwamba ardhi ilimwe miaka sita na wa saba ipumzishwe, maskini wale kinachoota chenyewe. Kwa hiyo Mungu mwenyewe amewahi kufunga, bahari na shamba.

Lakini angalieni hiyo amri ya pili. Pumziko la shamba lilikuja pamoja na chakula cha maskini. Halikuja peke yake.

Muuza dagaa, Tabora

Mimi nitasema kifupi. Kipindi kile gunia la dagaa wa Kigoma lilikuwa ghali na halionekani, wateja wakahamia dagaa wa Mwanza. Wengine hawakurudi mpaka leo. Mnapopanga kufunga mtukumbuke na sisi tunaokaa njiani. Hasara haiishii ufukweni.

Mleta hoja, Katonga

Shikamoo mzee wangu wa Ujiji. Neno lako la mwisho ndilo lililonikamata, maana nilianza mjadala huu nikiwa na nusu ya hoja.

Kaka wa Kibirizi, nilipofika kwenye ile mashine ya boti nilisimama kusoma. Nilikwenda kumuuliza mama kama yeye pia alikopa mwaka ule. Akanyamaza, halafu akaniambia alichukua kausha damu, ile mikopo ya riba kali, ili mdogo wangu asifukuzwe shule. Sikulijua hilo. Alianika dagaa miaka yote mbele ya macho yangu, na miezi mitatu ile ya chanja tupu sikumuuliza alikula nini.

Bado nasema ziwa lifungwe. Mwalimu ametueleza rutuba inapanda miezi ya upepo, na hiyo ndiyo miezi tuliyofunga. Watoto wa dagaa wakiachwa kipindi chakula kinapopatikana wanaweza kufika umri wa kuzaa. Joto la dunia hatuliwezi kutoka Katonga, wavu tunauweza. Na Kongo ina karibu asilimia 45 ya ziwa, sisi asilimia 41, kwa hiyo tukivunja makubaliano upande wetu, hakuna atakayeyashika upande wa pili.

Ila ziwa likifungwa, marejesho nayo yafungwe. Hili ndilo ninalolidai sasa. Tarehe ya kufunga inajulikana mapema; basi kila mkopo wa nyavu, betri, mashine na wa mama wa chanjani uandikwe tangu mwanzo kwamba kuanzia Mei 15 mpaka Agosti 15 hakuna Jumatatu ya marejesho wala riba inayopanda. Hilo halihitaji serikali igawe unga. Linahitaji kanuni moja, na mtu wa kuisimamia.

Kikundi chetu cha ulinzi wa rasilimali za ziwa kinakutana wiki ijayo hapa mwaloni. Nitalisema, na mama amekubali kuja kusema lake. Kaka, Kibirizi si mbali. Ukija na karatasi ya mkopo wako, ile yenye tarehe za marejesho, tutaiweka mezani pamoja na ya mama.