Linux Mint inaishia kwenye nembo, deskitopu haifunguki, wa Mwanza msaada

stationari_nyegezi

Wakuu habari za saivi. Nina kijistationari hapa Nyegezi, kopi, kuprinti, kuskani, kuchapa ripoti za fildi za wanachuo, ndo maisha. CPU yangu moja ni ya mtumba, i5 ya kizazi cha 4, RAM GB 8, ina kadi ya grafiksi ndogo ya NVIDIA niliikuta nayo humo humo. Ilikua na Windows 10, sasa si mnajua walisitisha apdeti tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inaikataa hii mashine inasema prosesa ya zamani, dogo mmoja mteja wangu akanambia weka Linux Mint, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, bro utanishukuru.

Nikashusha Mint 22 kwa bando la usiku, karibu GB 3, nikaiweka kwenye flashi. Kuwasha na flashi mara ya kwanza skrini ikawa nyeusi tii. Nikajaribu ule mstari wa pili kwenye menyu ulioandikwa "compatibility mode", hapo ikafunguka vizuri kabisa, nikapiga Linux yangu mpaka mwisho ikasema imemaliza, nikachomoa flashi nikawasha, nembo ya Mint ikatokea sekunde kama tano af nyeusi, kistari kinapepesa juu kushoto basi. Nimesubiri mpaka nimeenda kula ugali na sato nimerudi bado kinapepesa.

Nimeshapiga upya mara 3 wakuu. Ya pili umeme ulikatika katikati kwaio hiyo siihesabu, ila ya kwanza na ya tatu zilienda mpaka mwisho na matokeo ni yale yale. Diski imekufa au nini? Wateja wanaanza kuhamia kwa jirani.

sangara_minofu

Rudisha windo mkuu uendelee na kazi. Linux ni ya watu wasio na wateja 😂😂

fundi_mabatini

Mwangaluka. Kwanza kabisa acha kupiga upya. Ukipiga mara kumi utapata kistari kumi. Hiyo mashine haijafa, diski haijafa, nembo ya Mint ukishaiona maana yake keneli (moyo wa Linux) imeshaamka imesoma diski, tatizo liko mbele yake, pale inapotaka kuikabidhi kadi ya grafiksi skrini.

Af jibu umeliandika mwenyewe bila kujua. Flashi ilifunguka kwa "compatibility mode" peke yake, si ndio? Kazi kubwa ya ule mstari ni kuwasha kwa `nomodeset`, yani keneli inaambiwa usihangaike na draiva (programu inayoendesha kadi), tumia picha ile ile ya msingi iliyoachwa na BIOS (programu ya ndani inayoamsha mashine). Ulipomaliza kupiga, mashine ikawasha kwa njia ya kawaida, ile nomodeset haikuhamia kwenye diski, kwaio ikaenda kugombana na kadi kama ilivyogombana na flashi mara ya kwanza. Draiva ya NVIDIA inayokuja na Linux inaitwa nouveau, na kuna baadhi ya kadi haipatani nazo.

Fanya hivi. Washa, af hapo hapo bonyeza Esc mara moja moja mpaka itokee menyu nyeusi ya GRUB, ya kuchagua mfumo wa kuwasha (mashine nyingine inataka ushikilie Shift). Ukibonyeza kwa pupa utaangukia sehemu imeandikwa `grub>`, usiogope, zima washa tena. Ukiipata menyu simama kwenye Linux Mint bonyeza herufi e. Tafuta mstari unaoanza na neno `linux`, ni mrefu unajikunja, mwisho wake una `quiet splash`. Futa hayo maneno mawili andika `nomodeset` halafu F10. Hii haiharibu kitu, ni ya kuwasha mara hiyo moja tu.

Ikifunguka fungua terminali (dirisha la kuandikia amri) uandike `lspci | grep VGA` uniletee inachosema. Isipofunguka bonyeza Ctrl+Alt+F3 uniambie kama inakuletea sehemu ya maandishi ya kuingiza jina na paswadi.

furu_wa_nansio

Mi nilipata kama hiyo huku Ukerewe ila yangu ilikua inafika mpaka pa paswadi, naandika, inafikiria kidogo, inanirudisha pale pale pa paswadi. Nikazunguka nayo wiki nzima naiona kama ina jini. Kumbe diski imejaa! Ctrl+Alt+F3, nikaingia, `df -h`, nakuta asilimia 100, muvi za madogo. Nikafuta, `sudo apt clean`, ikafunguka. Kwaio na we angalia.

fundi_mabatini

@furu_wa_nansio hiyo ni kweli kabisa ila ni ugonjwa mwingine. Wako unafika mlangoni unanyimwa ufunguo, huyu hata mlango hauoni. Na diski yake ni mpya kaipiga jana itajaa saa ngapi.

stationari_nyegezi

IMEFUNGUKA 🙌🙌 wabeja sana fundi. Yani nimekaa nayo siku 4 kumbe neno moja. Maandishi yamekua makubwa kama ya bango na skrini haijai vizuri pembeni, ila deskitopu ipo na mausi inatembea. Inaniandikia juu kuwa Cinnamon (deskitopu ya Mint) inaendeshwa bila msaada wa grafiksi, prosesa inafanya kazi yote.

lspci inasema NVIDIA GK208B GeForce GT 710.

Sasa niiache hivi hivi?

code_na_dagaa

Hapana hiyo nomodeset ni gongo la kutembelea tu mkuu, mguu bado umevunjika. Weka draiva ya NVIDIA yenyewe. Ingia Driver Manager chukua yenye namba kubwa kuliko zote, ukimaliza washa upya kwisha habari.

fundi_mabatini

@code_na_dagaa hapo kwenye namba kubwa utampoteza. GT 710 ni ukoo wa Kepler, draiva ya mwisho inayoutambua ni 470. Akiweka 550 itashuka yote, itakula bando lote, af haitaiona kadi. Kwenye hizi draiva mpya sio lazima iwe ndio nzuri.

@stationari_nyegezi terminali, `sudo apt update` halafu `sudo apt install nvidia-driver-470`. Ni mzigo, tumia waifai ya mtu ukiweza. Na zingatia hapa, kama Secure Boot (ulinzi unaokataa programu zisizo na kibali wakati wa kuwasha) imewashwa kwenye BIOS itakuomba utunge paswadi katikati, iandike kwenye karatasi kabisa. Ukiwasha upya itatokea skrini ya BLUU kwa sekunde chache tu, kama 10, unabonyeza kitufe chochote, unachagua Enroll MOK, Continue, Yes, unaweka ile paswadi. Usipofanya hivyo keneli itaikataa draiva kwa sababu sahihi yake haijapewa kibali.

stationari_nyegezi

Fundi usinikasirikie.

Imeshuka vizuri, paswadi nikaandika nyuma ya risiti. Nikawasha upya, hapo hapo akaingia mama mmoja anataka kopi za kitambulisho pande zote mbili nakala 6, namhudumia, nageuka naona bluu inaondoka. Sikuwahi. Sasa imefunguka ila bado bango bango vile vile. Nimeandika `nvidia-smi` inasema imeshindwa kuongea na draiva.

fundi_mabatini

😂 Mteja kwanza, sikulaumu. Andika `mokutil --sb-state`, ikisema enabled basi Secure Boot imewashwa, ndo hiyo. Njia fupi ingia BIOS zima Secure Boot, draiva itapokelewa bila kuulizwa kibali. Kwa mashine ya stationari haikupunguzii kitu kikubwa.

dada_wa_sengerema

Samahani jamani nimesoma toka juu mpaka hapa nina swali moja la kishamba. Hiyo kadi ni ya nini?

Kaka amesema kazi yake kopi, kuprinti, kuskani na kuchapa. GT 710 hapo inafanya nini? Prosesa za i5 za kizazi hicho kwa kawaida zina grafiksi za Intel humo humo ndani, na draiva yake iko tayari kwenye keneli, hakuna cha kushusha, hakuna 470, hakuna bluu. Mi hapa shuleni tunazo CPU za mtumba kama hizo nimepiga Mint kwa mkono wangu, hakuna hata moja iliyonisumbua, na siri ni kwamba hazina kadi yoyote.

Angalia nyuma ya CPU, chini kabisa kuna tundu za kadi zimelala, juu kwenye mazabodi (bodi kuu ya mashine) kuna VGA au DisplayPort nyingine. Hiyo ya juu ndio ya Intel. Zima, chomoa waya wa umeme kabisa usiuache, shika bati la CPU kwanza utoe chaji mwilini, fungua skrubu moja ya kadi, mwisho wa sloti kuna kibanio cha plastiki unakibonyeza ndio kadi inatoka, usiivute kwa nguvu utavunja sloti. Hamisha waya wa monita uende juu. Washa kawaida bila nomodeset, maana ukiiacha nomodeset hata Intel itakuletea bango.

Ikikushinda nipo, siku hizi Kigongo kuja huko ni daraja sio kusubiri pantoni.

fundi_mabatini

Dada umenikamata. Nilikua natibu kadi badala ya kuuliza kazi ya mwenye mashine. Afanye hivyo. Akiwasha ikatulia aandike `sudo apt purge 'nvidia*'` na `sudo apt autoremove` yale makopo ya draiva yatoke.

sangara_minofu

Mi bado nasema windo

stationari_nyegezi

Nimerudi wakuu. Nilisubiri nifunge saa 3 usiku ili nisisumbuliwe na mtu wa kopi. Kadi imetoka, vumbi lililokua chini yake ungeweza kupanda mchicha. Waya nimehamishia VGA ya juu, nikawasha bila kugusa chochote, nembo, sekunde kama kumi hivi, DESKITOPU. Skrini imejaa pembe zote nne, maandishi ya kawaida. Nimezima nimewasha mara 5 kuhakikisha, halafu umeme ukakatika wenyewe ukanisaidia jaribio la 6, uliporudi ikafunguka tena. Purge nimeshafanya.

Printa nayo imejitokeza yenyewe nilipochomeka waya, nimeshatoa kopi ya majaribio. Skana ndo bado sijaigusa, nikikwama ntarudi hapa hapa.

Dada Sengerema na fundi mnanidai soda, mkipita Nyegezi stendi ulizeni. Kadi ya GT 710 ipo kwenye droo, @code_na_dagaa kama unaitaka njoo uichukue bure ila usinishauri tena draiva.

code_na_dagaa

Nakuja kesho 😂