Tupeane uzoefu: ulipomwambia "leo hapana", ilikuwaje?

mamaNasri: Jana nilikuwa kicheni pati huku Temeke. Somo kamshika bibi harusi mkono: "Mwanangu, mume hanyimwi, hata ukiwa na homa." Ukumbi mzima vigelegele. Mimi pilau likagoma kushuka. Mlio kwenye ndoa, semeni.

Shungi: Na mimi niliambiwa hivyo hivyo.

Mzee_wa_Kazi: Maandiko yako wazi, 1 Wakorintho 7, "msinyimane". Mahari nilitoa ya nini?

Tausi: Mbona umeuruka mstari wa 4? Mume naye hana amri juu ya mwili wake, anayo mkewe. Na mahari walikula wajomba, kawadai wao.

BintiMakorora: Ngoja niseme yangu. Nilijifungua kwa upasuaji. Nesi alituambia bwana akiwepo: subirini wiki 6. Mshono bado unatoa maji, kuinuka kitandani mpaka nigeukie ubavu nishike godoro, bwana kaanza: "Hao manesi hawana waume?" Nikawa namlaza mtoto katikati. Usiku mmoja akamhamisha. Nikasema hapana. Akanibana mkono. Nilipiga ukelele mpaka mama mkwe akaja kugonga. Nikajua huyu kamfuata mwanawe. Aliingia na mkeka, akautandika chini upande wangu, akalala. Hakuondoka mpaka arobaini ikapita, mwanawe sebuleni kwenye kochi.

Shungi: Nimelia. Bado mko pamoja?

Mzee_wa_Kazi: Tumesikia upande mmoja tu.

Tausi: Wa pili ni mshono.

Wakili_wa_Mtaa: Kwa sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998, mume kumlazimisha mke anayeishi naye hakuitwi kubaka, mpaka wawe wametengana. Ila akikuumiza, dawati la jinsia polisi wanapokea.

mamaNasri: Kumbe! Mnaona sasa?

KakaMpole: Wanaume nasi tunachoka jamani. Nikikataa naulizwa mchepuko anaitwa nani.

Shungi: Kunywa supu ya pweza.

KakaMpole: Nimesema nimechoka, sijasema naumwa.

BintiMakorora: @Shungi tupo. Siku hizi anauliza kwanza. Ila nikikataa ananuna mpaka asubuhi, hata chai hanywi.

Mzee_wa_Kazi: Na kununa nako mnakataza?

Tausi: Anune. Chai iwekwe kwenye chupa.